Mzinga wa Upepo na Kalafati ya Baba

Harufu ya sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo vya mbao, hainiachi nitulie. Juzi nilikuwa dukani Malindi nikichagua kamba ya kuanikia nguo, mtu akamwaga kibati cha sifa pembeni yangu, nami nikatoka nje bila kamba, nikawa naipanda na kuishuka njia ile kama mtu aliyesahau kwao. Mwenye duka alinifuata kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Ningemwambia nini zaidi? Nyinyi nitawaeleza.

Kwetu ni Ngomeni. Baba alikuwa fundi wa kalafati. Mashua ikivuja, yeye ndiye aliyeshindilia pamba iliyoloweshwa sifa kwenye maungio ya mbao mpaka tone lisipite. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndio msemo aliokuwa nao, na akautumia kwa kila jambo, hata kwa suruali ya kaka yangu Bakari iliyochanika matakoni. Kisha zikaja boti za faiba, ambazo hazina ubao wala maungio. Wavuvi wakazinunua mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemwambia Baba lolote. Waliacha tu kuja, na wakikutana naye msikitini walimwamkia kwa heshima zote, wakamuulizia hali ya watoto, wakaondoka upesi.

Basi Baba akajilaza. Hakuwa mgonjwa. Alishinda ukumbini juu ya kitanda cha kamba, hasemi na mtu, ila vidole vyake viligonga ubavu wa kitanda, ko, ko, ko, kutwa nzima. Mama alipita akinyata, na alitukataza kulitaja neno mashua ndani ya nyumba. Siku moja nilimsikia akimwambia jirani kuwa Baba asipoinuka kabla ya Ramadhani, atatuchukua twende kwa mjomba Malindi. Mimi kwa kawaida yangu nilikuwa sikai. Mama aliniita Kiherehere tangu sijaota meno. Lakini baada ya kuyasikia hayo, hata chakula nilikula nimesimama. Nilimpenda baba yangu, na sikutaka kumwacha pale akigonga kitanda peke yake.

Wakati huo Bakari alikuwa na shughuli yake uani. Kunguru walikuwa wakituibia vifaranga mchana kweupe, naye alikuwa anaunda mzinga wa upepo wa kuwatishia. Mama alipoona pampu ya baiskeli imetoweka alisema mtoto akililia wembe mpe, akarudi kwenye nazi zake.

Mzinga wenyewe ulikuwa paipu mbili za plastiki, nyembamba ndani ya nene. Upepo uliingizwa kwa pampu upande wa mbele, ukajaa katikati ya paipu hizo mbili. Nyuma kabisa palikuwa na kipande cha ndara kilichofunika tako la paipu ya ndani. Ukivuta uzi, ndara inaachia, upepo wote unakimbilia ndani ya paipu nyembamba na kulirusha gunzi la mahindi lililotiwa humo. Ndivyo alivyotaka Bakari. Lakini paipu ya ndani ilishikwa mbele tu. Kule nyuma ilicheza kama jino linalotaka kung'oka, haikai sawa juu ya ndara, na upepo ukavuja kabla haujajaa. Alijaribu kuishikiza kwa vijiti, vikaanguka. Alijaribu kitambaa, kikateleza. Akautupa mzinga chini na kuanza kuulaani ukoo wa kunguru.

Niliuokota nikakimbia nao ukumbini. Mama alinikata jicho, lakini nilishachelewa kurudi.

"Shikamoo, Baba. Paipu ya ndani inacheza, haina cha kuishika."

Vidole vikaacha kugonga. Aliuchukua mzinga, akautikisa karibu na sikio, akaketi. "Kaniletee kikapu changu," akasema.

Laiti mngeona mikono ile. Alisokota pamba, akailowesha sifa, nyumba nzima ikanuka kama zamani. Akaizungushia paipu ya ndani pale katikati na kuishindilia kwa patasi butu na nyundo yake ya mti, kidogo kidogo, akivuma wimbo puani. Mama alikuja kusimama mlangoni na kibao cha mbuzi mkononi, akasahau alichokuwa akikikuna. Mimi nilizunguka kile kitanda nikiruka mguu mmoja. Moyoni nilishaifuta safari ya kwa mjomba.

Tukatoka uani. Paipu ilikuwa imara, haitikisiki hata ukiipiga. Bakari akapiga pampu, na punde ikawa ngumu kusukuma. Akavuta uzi. Gunzi halikwenda popote. Kunguru juu ya paa hata hakugeuza shingo.

Baba akasema bado kuna mahali panavuja. Akarudi kushindilia, akaongeza pamba. Tukajaribu tena, ikawa vilevile. Akaongeza tena, jasho likimtiririka, na ule wimbo ukakatika.

Bakari alinivuta nyuma ya banda la kuku. Alikuwa ameng'amua. Upepo uliingilia mbele, na kalafati ya Baba ilikuwa imeziba njia yote ya kwenda nyuma. Kila alipoishindilia vizuri zaidi ndivyo mzinga ulivyozidi kufa. Nikamuuliza mbona hamwambii. Akanikazia macho, akasema fundi wa kalafati haambiwi na mwanawe kuwa kalafati yake ndiyo ubaya. Nikajaribu kunyamaza. Niliuma kucha, nikahesabu vifaranga, nikakaa, nikainuka. Nilipomwona Baba akichukua tena fundo la pamba, maneno yalinitoka.

"Baba, umeziba vizuri mno. Upepo hauna pa kupita."

Mama alinifinya begani. Baba aliuchungulia mzinga ndani, kisha akanitazama mimi.

"Kwa hiyo hapa kalafati haitakiwi," akasema, pole pole.

"Haitakiwi, Baba."

Akauweka mzinga chini, akaenda kulala. Nilikimbilia nyuma ya banda nikalia, maana nilijua nimetupeleka Malindi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kesho yake baada ya sala ya alasiri nilimkuta ukumbini ameketi, anachonga vipande vidogo vya mkoko. Pamba yote alikuwa ameichokoa. Alivipachika vile vipande kuizunguka paipu ya ndani, akaacha nafasi baina yao, ili paipu ishikwe na upepo upite. Alitoka nao uani bila kutuita. Alipiga pampu mwenyewe, akavuta uzi mwenyewe, na gunzi likaruka juu ya mnazi wa jirani, kunguru wote wakatawanyika kwa makelele. Bakari alipiga vigelegele kama mwanamke wa harusini. Baba hakucheka. Alikwenda kuketi kizingitini karibu na Mama.

"Mama Bakari," akasema, "kazi imekwisha."

"Najua," Mama akajibu.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu wewe ulipojua."

Wakakaa hapo bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza wakaanza kuzungumza juu ya mashua.

Mimi nililia tena, kwa kuwa kwa akili yangu ya kitoto nilidhani nimeiua kazi ya baba yangu kwa maneno mawili. Imenichukua miaka kuelewa kwamba ilikuwa imekufa kitambo, na mji mzima ulijua, na kila mtu alimstahi kwa kunyamaza. Waliomwamkia msikitini, Mama aliyenyata, hata Bakari nyuma ya banda, wote walimpenda, na wote walimwacha abaki na habari ile peke yake. Sikuwa na busara yoyote. Nilikuwa tu mtoto asiyeweza kutulia, na Baba alikuwa akingoja mtu wa kumwambia.