Ubuyu wa Shangazi Wapimwa

Mimi ni mwalimu wa kemia Tabora, na siku ile kiherehere kilinijaa. Darasani tulikuwa tumefanya kromatografia: unatia tone la rangi kwenye karatasi ya chujio, unachovya ncha ya karatasi kwenye maji yenye spiriti, na rangi zilizochanganyika zinapanda huku zikiachana. Jioni nikaenda kuupima ubuyu anaouuza shangazi yangu.

Rangi ya waridi ikapanda mbio. “Shangazi, umewatilia watu nini humu?” nikapaza sauti.

Akavaa miwani, akainama. “Mwanangu, tone la ubuyu umeliweka katikati. Mbona waridi imepanda upana wote wa karatasi?”

Lahaula! Mstari wa kuanzia nilikuwa nimeuchora kwa kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia, badala ya penseli, na wino wake ndio uliopanda. Kosa ninalowafokea wanafunzi kila mwaka! Tukarudia kwa penseli: zikatoka nyekundu na njano, zilezile zilizoandikwa kwenye pakiti ya rangi yake.

Kesho yake nikakuta karatasi ya chujio imebandikwa kwenye ndoo ya ubuyu, wateja wanaambiwa umepimwa na mwalimu. Ilikuwa ile ya kwanza.

“Hiyo ndiyo inayopendeza,” shangazi akasema.