Multimeter yangu ya bei ya chini ilivyokaribia kumponza Mama Furaha wa Mugunga

Wakuu, salamu kutoka Goma. Haya yalinitokea mwenyewe. Sehemu nyingine hazinipambi, lakini sitaziruka.

Mimi ni mwandishi wa hadithi. Redio mbovu na taa za sola ni hobby tu. Nilinunua multimeter ya budget sokoni, ya njano, nyepesi kama kiberiti kitupu. Nikaipenda. Unagusisha waya mbili, na kitu kisichoonekana kinageuka kuwa namba.

Habari zikaenea kwamba nina mashine ya kupima umeme.

Ndipo akanitafuta Mama Furaha. Vita vilimtoa kwenye vilima vya Masisi, sasa anaishi kambini Mugunga, chini ya turubai, juu ya mawe ya volkano. Alikimbia na paneli mbili za sola mgongoni. Kwa hizo anachaji simu za majirani, watu wanaopiga kila siku namba za ndugu waliopotezana njiani. Yeye mwenyewe simu yake hairuhusiwi kuzimika. Mume wake alibaki nyuma na ng'ombe, na namba ya simu hiyo ndiyo pekee ambayo mume anaijua.

Betri yake ilikuwa imekufa. Jirani mmoja, fundi viatu, akasema atampa betri yake ya gari, naye ampe paneli moja. Kambini hawabadilishani vitu vya namna hiyo bila mtu wa tatu kusimama katikati. Nikaitwa mimi.

Nikapima. Volti 12.8.

Nikamwambia Mama hiyo ni nzima. Wakapatana wabadilishane kesho yake asubuhi.

Jioni nikapitia mtaa wa Birere kwa Papa Paluku, fundi redio mwenye multimeter ya premium. Nilitaka kuishika tu, maana nawaza kununua kama hiyo. Tukapima betri yake kwa mita zote mbili.

Yangu: 14.1. Yake: 12.5.

Nikarudia. Nikabadilisha waya. Nikapima betri nyingine. Yangu ilizidi kila mara.

Wakuu, nilichanganyikiwa. Nilitaka kuamini yake kwa sababu ni ghali, halafu nikajiuliza kama bei nayo ni kipimo. Nani alikuwa anasema kweli pale mezani? Na nitampima kwa kitu gani huyo anayepima?

Papa Paluku akafungua mgongo wa mita yangu, akatoa kile kibetri chake kidogo, akauliza nilikipata wapi. Nikamwambia ni cha zamani, nilikianika juu ya bati siku mbili. Wote hapa tunafanya hivyo. Betri za redio zikichoka tunazianika juani, zinaimba tena saa moja, mbili.

Alicheka mpaka akaweka kazi yake chini. "Kijana, mashine yenye njaa inaona kila kitu kikubwa."

Akaweka kibetri kipya. Mita zote mbili zikasema 12.5.

(Kuna alama ndogo ya betri ilikuwa inawaka kwenye kioo changu tangu wiki iliyopita. Nilidhani inaniambia kwamba ninapima betri. Msinicheke sana.)

Alfajiri nikapanda pikipiki kwenda Mugunga. Nilimkuta fundi viatu ameshika paneli, kamba zimeshafunguliwa. Nikawaomba wanipe dakika moja. Nikapima mbele ya wote.

11.3. Betri imechoka kabisa.

Fundi viatu akaitazama mita, akanitazama mimi. "Jana nzima, leo imekufa. Hiyo ni mashine ao ni mbunge?"

Watu wakacheka. Hata leo sijui kama alijua hali ya betri yake. Naye ni mkimbizi kama wengine.

Mama Furaha hakucheka. Alichukua paneli yake mikononi mwa yule mtu, akaiegemeza kwenye goti.

"Mutoto wangu, jana ulikuwa unajua ao ulikuwa unabahatisha?"

Nikasema niliamini namba.

"Basi hiyo mashine itabakia hapa. Nitaangalia mimi mwenyewe."

Nikamwonyesha waya mwekundu na mweusi, alama ya kibetri, na namba ambayo chini yake akatae. Alielewa haraka kuliko mimi. Nilipoondoka, mama mwingine alikuwa ameshamletea betri apimiwe.

Paneli zake bado ni mbili. Betri anaendelea kutafuta. Mume hajapiga.

Nilichojifunza ni kwamba mita ya bei ya chini haikunidanganya kwa ubaya. Ilikuwa inaniomba chakula, nami nikailisha jua. Lakini je, ya premium ingenikinga na uzembe wangu, au ningeiamini zaidi na kuumiza mtu zaidi? Hapo bado kichwa kinazunguka.

Sasa sina multimeter. Nyinyi mnaotumia kwa hobby, ninunue ipi? Na kabla hujanijibu mkuu, tafadhali, fungua mgongo wa yako utazame.