Rili Ndogo Kuliko Zote

Kila ninapopita kwa fundi cherehani, katika mji wowote ninaofikia, harufu ya mafuta ya mashine hunirudisha kwenye duka lile la vifaa vya uvuvi, Migori. Nilikuwa mtoto, na Baba alikuwa amekonda kwa maradhi, shati likimning'inia mabegani. Tulikwenda kununua rili ya kuzungushia mshipi, nami nilitaka achague ile kubwa ya kuvulia mbuta, wale samaki wazito, ili twende tena ziwani Homa Bay kama zamani.

Akaipita. Akachukua ndogo kuliko zote, nyepesi kama yai, iking'aa mafuta.

"Mzee, hiyo utavulia vidagaa vya omena?" mwenye duka akamtania.

Baba alicheka hadi kikohozi kikamshika. Alipotulia, aliuweka mkono wangu kwenye mpini. "Zungusha, nyathina, mwanangu."

Nikazungusha. Ilizunguka kimya, na mpini ulinienea vidoleni.

"Lakini Baba, kwako ni ndogo mno."

"Najua," akasema, kisha akamgeukia mwenye duka. "Tufungie hii."

Njiani aliniachia niibebe mwenyewe. Nilinuna mpaka nyumbani, nikiwaza jinsi atakavyoshindwa kuvuta mbuta kwa kitu kile.