Bibi Harusi wa Trekta

Kaka yangu Ismaili Chitanda, dereva wa trekta la kijiji chetu cha ujamaa upande wa Mpapura, hakujua kubembeleza watu. Trekta alijua. Asubuhi za kulima aliliwasha akaliacha lingurume polepole mpaka lipate moto, sisi wengine tumeshika majembe tunasonya. Ukimharakisha anakujibu, "Basi nifunge jembe mimi, nikulimie."

Kilimo kikiisha alilihifadhi bandani mpaka msimu mwingine. Alibadilisha oili, akajaza tangi la dizeli pomoni ili unyevu usipate nafasi, akaziba bomba la moshi kwa kopo, kisha akalifunika turubai. Betri aliibeba akaiweka chumbani kwake. Shemeji Zuhura alisema mke mwenzake kahamia.

Mwaka ule, trekta likiwa limeshahifadhiwa, binti yake wa pekee, Mwanakombo, aliposwa na Hamisi, kijana wa hapo hapo kijijini. Aliomba kitu kimoja tu: apelekwe kwa mumewe kwa trekta la baba yake. Kamati ya kijiji ikakubali. Ismaili akakataa.

"Kwa Hamisi ni pua na mdomo," alisema. "Injini ikiwashwa kidogo ikazimwa kabla ya kupata moto, inatoa jasho ndani, na jasho linaharibu oili. Utakwenda kwa miguu."

Mwanakombo akaangua kilio. "Baba, trekta unalifunika lisipate umande. Mimi ulinifunika lini?"

Niliona neno hilo limemchoma kaka, na nikafurahi, maana alistahili.

Siku ya harusi tulikuta banda li wazi, betri imefungwa, trekta linanguruma polepole, na tela limetandikwa mikeka. Kaka alikuwa amepata dawa: tungezunguka kwa barabara ya Ziwani, injini ipate moto sawasawa, ndipo turudi kwa Hamisi. Wanawake wakajaa kwenye tela kwa vigelegele, Mwanakombo katikati na shela lake. Mimi nikakaa juu ya bati linalofunika tairi, karibu na kaka. Watu walitoka kwenye mikorosho yao kutupungia. Hakuna bibi harusi aliyewahi kutembezwa vile kwetu, na mwenyewe alicheka mpaka shela likamvuka.

Tulipokaribia njia panda ya kurudi kijijini, nikautazama mshale wa joto. Ulikuwa umepanda zamani, umetulia mahali pake. Ismaili akaipita njia panda.

"Kaka," nikamgusa bega, "injini imeshapata moto."

"Najua."

Hakunitazama. Akaendesha taratibu, yeye anayegombana na watu kwa tone la dizeli, akigeuka kila mara kuona kama mwanawe ameketi vizuri. Nikajishikilia vizuri, tukazunguka tena.