Mbao za Sweden na Mbuzi wa Shukrani

Mtu akinitajia Sweden, mimi sikumbuki theluji. Nakumbuka mbuzi niliyemchinja kumshukuru mtu ambaye alikuwa ameshaniuza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, nikifanya kazi kwenye yadi ya mbao karibu na Springfield, Virginia. Nimezaliwa Mufindi, Tanzania, kwenye misonobari, na baba yangu alikuwa mpasua mbao, kwa hiyo kazi ile haikunipa shida. Yadi ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulikuwa wa msonobari wa hukohuko Marekani, wenyewe wanauita pine, mzito, wenye utomvu, unaotiwa dawa mpaka unakuwa wa kijani, ambao watu hujengea vibaraza nyuma ya nyumba zao. Upande wa pili ulikuwa wa mbao za Ulaya: nyeupe, nyepesi, zimekaushwa vizuri, zimefungwa kwa plastiki yenye nembo ya kiwanda. Mimi nilikuwa upande wa msonobari, naendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyulia marundo. Upande wa Ulaya ulikuwa chini ya Mkenya mmoja, mtu wa bara, aliyenizidi umri, ambaye ndiye aliyeniingiza kwenye kazi hiyo nilipofika nchini. Nilimwita kaka, na nilimaanisha kaka.

Mwanzoni biashara yenyewe haikuniingia akilini. Virginia ina misitu mpaka kandokando ya barabara kuu, sasa mbao za kuvuka bahari ni za nini? Kaka ndiye aliyenifundisha, tukila chakula cha mchana tumekaa juu ya marundo. Nyumba zilikuwa zinaota kama uyoga kuanzia pale kwetu hadi kupita Fairfax. Mbao za Canada zilikuwa zinatozwa ushuru mpakani. Na kusini mwa Sweden upepo ulikuwa umelaza misitu mizima. Mti ulioanguka hausubiri, unaingia ukungu wa bluu na wadudu, kwa hiyo viwanda vya kule vilipasua bila kupumzika na kumtafuta yeyote wa kununua.

“Si unaona, ndugu,” aliniambia, “huko upepo umewaangushia miti, huku sisi tunakula. Lakini hawa watu hawana permanent customer. Dola ikishuka kidogo tu, hiyo meli inageuka inaenda kwingine.”

Nilicheka. Niliona ni maneno ya mtu anayejua kazi yake, nikayaacha hapo. Leo nikiyakumbuka nasikia hasira mpaka masikioni, maana hakuna kitu alichonificha kuhusu soko. Alichonificha ni kitu kingine.

Wakati huo akili yangu yote ilikuwa kwa mke wangu na binti yetu waliobaki Iringa. Ili waje, ilinipasa nionyeshe kwamba nina kazi ya kudumu na naweza kuwatunza. Kazi ikikatika, maombi yao nayo yanakwama. Pale yadi hakuna asiyelijua hilo. Nilikuwa siongei jambo jingine, hadi wenzangu wakawa wananitania kwamba hata foklifti imeshamjua mke wangu.

Mwanzoni mwa kiangazi kimoja kaka aliniita pembeni.

“Ndugu, nataka tubadilishane. Nimechoka na hizi simu na hawa wateja. Wacha mimi nirudi kwa foklifti, nikimaliza naenda home kuona watoto. Wewe utake over hiyo white wood. Nimeshaongea na boss. Utakuwa in-charge, na hiyo title itakusaidia na papers za mama watoto.”

Papers za mama watoto. Ndivyo alivyosema, ameniwekea mkono begani. Nilishikwa na furaha, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili.

Sasa sisi watu wa kwetu hatuwezi kutendewa jambo kubwa namna ile tukaishia kusema asante. Nikasema lazima nimshukuru mbele ya watu. Nilikuwa nimepanga chumba Temple Hills, ng'ambo ya mto upande wa Maryland, nikamwomba mwenye nyumba uwanja wa nyuma, nikawaalika Wakenya wa kanisani kwake na Watanzania ninaowajua. Nikaenda kwenye shamba moja huko Virginia ambako wanakuruhusu uchague mbuzi wako na umchinje mwenyewe. Nikaagiza shati la kitenge kutoka nyumbani, limeshonwa kwa vipimo ambavyo mkewe alinipa kwa siri kwenye simu.

Nilisimama nikahutubia. Nilisema huyu kwangu si rafiki, huyu ni mzazi wangu wa Marekani, na mke wangu akishuka kwenye ndege nyumba ya kwanza kuingia itakuwa yake. Akina mama wakapiga vigelegele. Kaka akavaa lile shati palepale, kisha akaninyang'anya koleo la kuchomea nyama.

“Mtanzania hajui kuchoma,” akatangaza, “yeye anajua kuchemsha!”

Watu walicheka sana. Alichoma mwenyewe, akakata mwenyewe, akanipa mimi kipande cha kwanza. Nilimwona akifuta macho, nikadhani ni furaha. Labda ulikuwa moshi tu.

Miezi iliyofuata marundo ya mbao nyeupe yakawa yanapungua bila mapya kuja. Nikimuuliza kaka, ananiambia nivute subira, meli huwa zinachelewa. Nikipiga simu Sweden, wananijibu kwa upole mwingi usio na maana yoyote. Nikawa napanga upya yale yaliyobaki, nafagia, najifanya nina shughuli.

Halafu, majani yalipoanza kuanguka, akaja muuzaji wao mwenyewe, mzee wa Kisweden aliyekuwa akizunguka kuaga wateja wake wa pwani ile. Alinikuta peke yangu. Nilimuuliza mzigo unaofuata unakuja lini. Akanitazama kama mtu aliyekosea mlango.

Aliniambia hakuna mzigo. Miti ya upepo ilikuwa imekwisha, magogo yamepanda bei, na dola haiwalipi tena. Wajenzi wa Virginia wenyewe walikuwa wamepunguza kununua. Mbao zao sasa zilikuwa zinaenda Uingereza na Misri.

“Lakini mwenzako tulimwambia,” akasema. “Tulimwambia masika, kabla ya kiangazi. Nilidhani yeye ndiye aliyekuelezea.”

Masika. Kabla hajaniwekea mkono begani.

Huyo mzee simlaumu. Yeye alikuwa na mbao, akaenda zinakolipiwa vizuri, na aliaga. Hata zilivyokwenda Misri sikuona ajabu, ingawa nilikuwa nimetoka Afrika kuzifuata mimi. Soko lilifanya vile nilivyofundishwa kwamba lingefanya. Aliyenifundisha ndiye aliyenikalisha katikati yake.

Haikupita wiki mbili bosi akafunga upande wa Ulaya, na wote tuliokuwa upande huo tukaachishwa. Upande wa msonobari ulibaki, maana watu hata wasipojenga nyumba mpya, vibaraza vinaoza. Nilimkuta kaka amekaa kwenye foklifti yangu.

“Kaka, ulijua?”

Alizima injini. Hakujaribu hata kudanganya. “Nilijua.”

“Na mbuzi wangu ukamla.”

“Ulitaka nikatae mbele ya watu? Ndugu, niko na watoto wanne hapa, wako shule. Wewe uko peke yako, unaweza anza tena. Ningekuambia, ungetoka hapa pine unipe mimi? Haungetoka.”

“Niko peke yangu kwa sababu wangu hawajafika! Na uliyajua hayo!”

Akaangalia chini. “Pole,” akasema, kama unavyomwambia mtu aliyejikwaa. Kisha akawasha foklifti, kwa kuwa kulikuwa na lori linasubiri.

Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia kwa jinsi ambavyo sikujua naweza kumchukia mtu niliyekula naye. Kilichoniuma zaidi ni kwamba angeniomba, labda ningempa. Labda. Hakunipa nafasi ya kujua mimi ni mtu wa aina gani.

Jumapili nilimpigia mke wangu. Nikamwambia kazi imekwisha na maombi yatasimama. Nilimsikia akivuta pumzi, na nyuma yake binti yetu akidai apewe simu. Nikasubiri alie. Hakulia. Akanituliza, kwa ile sauti yake ya kupanga mambo.

“Usihangaike peke yako huko, baba,” akasema. “Nenda kwa kaka. Mwambie, yeye atakutafutia nyingine.”

Nikamwambia sawa, nitakwenda.