Warushaji wa Akiba wa Al Baraha

Harufu ya soksi iliyolowa maji ndiyo harufu ya utoto wangu, na sioni haya kusema. Wengine wakikumbuka utoto wao hutaja udi na asumini. Mimi nataja soksi za baba, zile zilizokwisha kutoboka visigino, ambazo dada yangu Rukia alizijaza vitambaa vilivyobaki kwenye cherehani ya mama, akazifunga uzi, kisha akazichovya ndooni ili mpira upate uzito. Mpira ule ukikupata mgongoni uliacha duara la maji kwenye gauni, na hapo hapakuwa na ubishi: umepigwa, toka. Mpaka leo, miaka hii ya elfu mbili na kumi na kitu, nami ni mama wa makamo ninayekaa chumba cha kuchangia hapa Dubai, mtaa wa International City, nikipita penye kamba iliyoanikwa soksi za vijana wa ujenzi, moyo hushtuka kabla sijajua umeshtushwa na nini.

Wazazi wetu walitoka Unguja wakahamia Dubai, na mchezo wa nage ukaja nao. Watu wa Bara wanauita rede, Wakenya wanauita kati, lakini kwetu, mtaa wa Al Baraha, ulikuwa nage, mchezo wa wasichana. Warushaji wawili wanasimama huku na huku, wale wa upande mwingine wanakaa katikati wanakwepa mpira. Anayepigwa anatoka. Akibaki mmoja, huyo anainama kila anapopata upenyo, anajaza mchanga kwenye chupa ya sharubati. Chupa ikijaa kabla hajapigwa, upande wake umeshinda, hata kama wenzake wote wamekwisha kutoka. Kwa hiyo kazi ngumu ya nage si kuwatoa wale wa mwanzo. Kazi ni yule wa mwisho.

Na kwa yule wa mwisho ndipo mtaa wetu ulipokuwa na maradhi. Rukia alikuwa na mkono ambao sijauona tena kwa mwanamke. Akirusha, mpira ulivuma. Lakini mtu mmoja hawezi kurusha toka alasiri mpaka karibu na magharibi, ndiyo maana kila mtaa uliweka warushaji wa akiba, wa kuingia mwishoni kumalizia. Wa kwetu walikuwa wawili na nitawataja, maana hakuna aliyewahi kuwataja: Salma na Zeyana. Zeyana alikuwa hafanyi mazoezi, kutwa anatafuna mbegu za tikiti, na aliporusha alirusha kwa mkono uleule wenye mbegu. Salma alikuwa na nguvu akitaka, lakini kutaka kwenyewe kulikuwa kwa nadra. Sisi wadogo tuliokuwa tukikaa juu ya ukuta kushangilia tulikwisha kuijua hadithi. Rukia anawatoa wote anabakisha mmoja, akina Salma wanaingia, chupa inaanza kujaa, sisi tunaanza kupiga kelele arudishwe Rukia. Katika mtoano wa mitaa wa msimu ule wa baridi walitaka kututia kaburini mara mbili, na mara zote mbili Rukia alirudishwa akatuokoa.

Aliyekuwa akipanga nani aingie ni Bi Zaina, jirani yetu, mtu mzima mwenye sauti. Ni yeye aliyenishika kidevu akaniambia, "Wewe msimu ujao utaingia, mkono wako kama wa dadako." Maneno hayo niliyalala nayo. Kila siku nikitoka chuoni kusoma Kurani nilikuwa nikirusha mpira kwenye ukuta wa tangi la maji mpaka mama anifukuze.

Lakini msimu ujao haukuwa wa hakika. Kiwanja kilikuwa cha Mwarabu mmoja, arbab, yaani tajiri, mwenye magodauni pale pale, naye alichoshwa na kelele. Akawaambia wazee wetu kwamba wasichana wa mtaa mmoja tu ndio watakaoruhusiwa kucheza kwenye mchanga wake. Watakaoshinda fainali wabaki, wengine khalas, asiwaone tena. Baba zetu hawakubisha. Nadhani walifurahi, maana walikuwa wakitafuta siku nyingi sababu ya kutuingiza ndani. Hapakuwa na mahali pengine. Wavulana walikuwa na barabara na pwani. Sisi tulikuwa na mchanga ule tu.

Fainali tukacheza na wasichana wa Al Rigga. Rukia akawafagia. Akabaki mmoja, Sharifa, msichana mrefu mwepesi, na chupa haijafika hata nusu. Rukia alikuwa anahema lakini mkono bado upo, nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Bi Zaina, niache nimalize." Bi Zaina akatikisa kichwa. Akamwita Salma, na upande wa pili akamweka Zeyana.

Ukutani sote tukapiga kelele. Binti mmoja karibu yangu akasema, "Jamani, si Sharifa ni wifi yake Salma?" Ndipo nikageuka nikaona nani amekaa kwenye mkeka wa watazamaji. Salma alikuwa ameposwa wiki chache kabla na kaka yake Sharifa, na mshenga wa posa hiyo alikuwa Bi Zaina huyo huyo. Mama wa bwana harusi alikuwa amekaa mstari wa mbele, kashika kipepeo cha kujipepea, anatazama. Bi Zaina alimwingiza Salma ili mkwe aone mwali mwepesi, mwenye afya, anayependwa na watu. Alichosahau, au alichojifanya kusahau, ni kwamba kwa watu wetu mwali hampigi wifi yake mgongoni na soksi ya maji mbele ya mkwe.

Salma akarusha kama anayempa mtu embe. Sharifa hata hakukwepa, alisogea tu. Zeyana naye, shoga yake Salma, akauviringisha mpira chini. Sharifa akainama akachota. Watu wa Al Rigga wakaanza kucheka.

"Salma, mpige!" Rukia akapaza sauti. "Wifi utamwomba radhi kesho!"

"Bi Zaina, mrudishe Rukia," nikapiga kelele mimi.

"Nyamaza, kinda we," akanijibu bila kugeuka. "Una meno mangapi ya kunifundisha?"

Chupa ikajaa. Mkwe akapiga vigelegele.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, lakini siku ile Salma alimchelea wifi, tukalia sisi. Mlango wa kile kiwanja ukafungwa kwetu. Zamu yangu haikuja. Baada ya muda shule nayo nikatolewa, nikakalishwa kwenye cherehani, na ukuta wa tangi la maji ukabaki hauna wa kuugonga. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi walitula wa kwetu watatu: Bi Zaina, Zeyana, Salma.

Rukia amekwisha kutangulia mbele ya haki. Katika khitma yake, pale Al Baraha, Salma alikuja akakaa karibu yangu, kazeeka vizuri. Nikashindwa kunyamaza.

"Ulimwachia Sharifa."

Hakujifanya hajui. "Mkwe alikuwa ananitazama, mdogo wangu. Ningempiga bintiye, ningeolewa na nani?"

"Na ulipoolewa ulipata nini?" Sote tulijua aliachwa mara mwaka ulipogeuka.

"Nilipata mwaka mmoja wa kuwa na nyumba yangu," akasema. "Ulitaka niukose hata huo?"

Sijamsamehe mpaka leo.

Siku hizi, Ijumaa, wasichana wa kazi za ndani na wa usafi wanacheza kwenye mchanga nyuma ya jengo letu, Watanzania, Wakenya na Waganda, na nusu ya muda wanagombana sheria ni zipi. Sisi tulikuwa na siku zote na kiwanja kimoja cha kuazima. Wao wana mchanga usiokwisha na siku moja ya ruhusa. Wakishindwa wanacheka, wananunua chai, yalla, kila mtu kwa madam wake. Natamani kucheka hivyo, lakini sijui.

Ijumaa iliyopita upande niliokuwa nikiushangilia ulibakisha mpinzani mmoja katikati. Mrushaji wao akasema mkono unamuuma, akamwita mwenziwe wa akiba aje amalizie. Nikanyanyuka, nikakung'uta mchanga, nikapanda ngazi kwangu kabla hajarusha.