Sauti ya Chini ya Binti Yangu

Niliendesha treni ya mvuke kati ya Tabora na Kigoma kwa miaka mingi. Kazi ile iliniunguza mikono na kuniharibu masikio, kwa sababu dereva husimama karibu kabisa na moto na honi. Nikirudi nyumbani asubuhi nililala mpaka jioni, na marehemu mke wangu aliwakataza watoto kupiga kelele.

Siku hizi naishi ng'ambo, mjini Merrylands, kwa binti yangu, ambaye ni nesi. Wiki iliyopita, tukinywa chai, nilimwambia, "Mwanangu, ongea kwa sauti. Sikusikii."

"Samahani, Baba, nimezoea," akasema, akinisogelea. "Ukiwa nyumbani tulikuwa tunanong'ona."

Nikakumbuka siku aliponiamsha kwa kicheko chake, akiwa na miaka sita. Nilimchapa, nikarudi kulala, na sikumsikia tena akicheka ndani ya nyumba ile. Wakati ule niliona ni adabu njema.

Nilimwomba radhi kwa kile kichapo. Alinishika mkono, akajibu kitu ambacho sikukisikia, nami nikaona haya kumwomba arudie.